Hedifoni zako za kuzima kelele bado nzima: kuna haja ya kuhamia toleo jipya?

Mleta mada

Wakuu, kila toleo jipya likitoka hoja hii inafufuka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: mwenye Sony WH-1000XM4 zinazofanya kazi ana sababu gani ya kununua toleo lake jipya, XM6? Nazitaja hizo kwa kuwa ndizo ninazoziona zaidi maofisini na kwenye mabasi ya mikoani, ila mwenye Bose au AirPods Max naye swali linamhusu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Wengi wetu hatuna sababu. Pesa hiyo, au sehemu yake ndogo tu, ingeenda kwenye sponji za masikioni na betri ingetusaidia zaidi.

XM4 zilitoka 2020 kwa dola 350 za Marekani. XM5 zikaja 2022 kwa dola 400, XM6 zikafuata Mei 2025 kwa dola 450. Hizo ni bei za huko; zikifika kwetu weka usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Sasa tazama unachopewa. Chaji ukiwa umewasha kuzima kelele: saa 30 kwenye XM4, saa 30 kwenye XM5, saa 30 kwenye XM6. Uzito: gramu 254, zikashuka 250, zikarudi 254. XM4 zilikuwa zinakunjika, XM5 wakaondoa kukunjika, XM6 wakarudisha hilo na kulitangaza kama habari njema. Kilichoongezeka kweli ni maikrofoni, ambazo sasa zimefika 12, na prosesa inayochakata kelele. Hapo sibishi. Kelele inazimwa vizuri zaidi, hasa sauti za kati kama za watu wanaoongea karibu yako.

Lakini tuelewe kinachotokea ndani. Maikrofoni inasikiliza kelele ya nje, prosesa inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanauana kabla hayajafika kwenye ngoma ya sikio. Hilo ni rahisi pale kelele inaponguruma kwa mtindo mmoja kwa muda mrefu: injini ya basi, ndege, jenereta, feni, kiyoyozi. Honi, kilio cha mtoto au sahani inayoanguka ni sauti za ghafla na nyembamba, na hapo kazi kubwa inafanywa na sponji kwa kuziba tu.

Na sponji ndiyo inayochoka mapema. Ngozi bandia inabanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni, povu la ndani linalala, mwanya unabaki nyuma ya sikio, na kwa anayevaa miwani ni zaidi. Kwenye mwanya huo mngurumo wa nje unaingia na besi ya muziki inatoka. Mtu anasema "hizi zimeisha nguvu", anaanza kuulizia bei za toleo jipya.

Nimemwangalia fundi mmoja Kariakoo, mtaa wa Aggrey, akiibadilisha. Alipitisha kipande chembamba cha plastiki chini ya ukingo wa sponji, vishikizo vikaachia kimoja baada ya kingine kwa mlio mdogo. Akasugua jasho kavu na vumbi kwa mswaki wa zamani, akapanga sponji mpya, akaibana kwa kidole gumba kuzunguka pande zote mpaka kila kishikizo kikaitika. Mwenye hedifoni akazivaa, kisha akainua macho kuangalia feni iliyokuwa juu yetu kama bado inazunguka.

Kwa hiyo naomba mwenye hoja ya kuhama aje nayo. Sisemi hazipo.

Mchangiaji wa kwanza, Nairobi

Asante kwa mada, ndugu yangu, lakini umezungumza kama mtu wa kusikiliza muziki peke yake. Mimi kazi yangu ni ya simu. Nahudumia wateja wa ng'ambo kutoka nyumbani, na nyumba iko karibu na steji ya matatu. Mimi sisikii makanga, sawa, lakini mteja anamsikia! Kuzima kelele masikioni mwangu hakumsaidii aliye upande wa pili. Toleo jipya limepewa maikrofoni sita za kuchukua sauti ya mwenye kuongea, na kwangu hilo ni mkate wa watoto. Mtu anayelipwa kwa sauti yake usimwambie abadilishe sponji.

Mleta mada

Dada, hoja yako naikubali, ila dawa yake siikubali. Kwenye simu kinachoamua ni umbali kati ya maikrofoni na mdomo. Maikrofoni zilizo kwenye masikio, hata ziwe ngapi, zinategemea prosesa kukisia ipi ni sauti yako na ipi ni ya makanga. Maikrofoni ya mkono, ile inayokaa mbele ya mdomo kama ya marubani, haina haja ya kukisia sana. Hedifoni za ofisini zenye mkono huo utazipata kwa bei ya chini mno ukilinganisha na dola 450. Zivae saa za kazi, XM4 zako zibaki za safari na za usiku.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimetoka XM4 nikaenda XM5 ya mtumba, na sijutii. Ila naunga mkono jambo moja: wengi wanalinganisha hedifoni mpya na za zamani zilizochakaa, kisha wanasifia teknolojia. Jingine, sponji za bei ya chee ziko za kila namna. Ukipata zenye povu jepesi au zisizokaa sawa kwenye vishikizo, kelele zinaingia vilevile. Kabla hujalipa, zivae pale dukani penye feni au jenereta, washa kuzima kelele bila muziki, kisha bonyeza sponji kidogo kwa viganja. Kelele ikipungua unapobonyeza, ujue haijaziba.

Na kwa ambaye hana kabisa, asidhani lazima aanzie dola 400. Soundcore Space One zilitoka 2023 kwa dola 100. Kwa mngurumo wa basi la Mbeya zinatosha.

Mchangiaji wa tatu

Nafanya kazi kwenye kliniki ya masikio, naomba niingize upande ambao hamjaugusa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza kwa usalama saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Tazameni mporomoko huo. Kijana aliye kwenye daladala anapandisha sauti ili imshinde injini, na anakaa humo asubuhi na jioni kila siku. Mwanzoni haumwi popote. Anakuja kwetu baadaye, mlio wa masikio haumwachi usiku.

Kwa hiyo kwangu swali si XM4 au XM6. Swali ni je, ukizivaa unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini? Kama huwezi hata baada ya kubadilisha sponji, basi tafuta zinazozuia vizuri zaidi, na usione umefuja. Na hizo mnazozivaa mkiwa mnavuka Barabara ya Morogoro penye bodaboda, zivueni. Nasema hili kwa uchungu.

Mchangiaji wa nne

Mnajadili mnunuzi mmoja mmoja, mimi naona hili ni la sera. Kwa nini hedifoni ya mamia ya dola inageuka taka kwa sababu ya betri? Betri ya lithiamu inapungua kwa kila mzunguko wa chaji, ndivyo ilivyo, na joto la pwani linaichosha haraka zaidi. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria: kuanzia tarehe 18 Februari 2027 bidhaa yenye betri ndogo inayouzwa kwao iwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kuweka nyingine, ukiacha misamaha michache, na betri za akiba zipatikane kwa miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho kuingia sokoni. Msiseme haiwezekani. Fairphone walitoa Fairbuds XL mwaka 2023, zinazima kelele na betri yake inachomolewa kwa mkono.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kilichokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi hakikufika robo. TBS, shirika la viwango la Tanzania, na wenzao wa KEBS wa Kenya waweke masharti hayohayo kwa mizigo inayoshuka bandarini kwetu.

Mchangiaji wa tano

Mkuu, mimi ni mfanyabiashara, nitakwambia ukweli wa dukani. Masharti mapya maana yake ni karatasi nyingine ya kulipia, na gharama inamwangukia mteja. Atakayeumia ni anayenunua ya elfu hamsini, wala si mwenye XM6. Bidhaa ya magendo itapita vilevile, na sisi tunaolipa kodi ndio tutabanwa. Ulaya wakishazilazimisha kampuni, vifaa hivyohivyo vitafika huku bila sisi kuandika sheria.

Mleta mada

Mkuu, hapo mwisho ndipo ninapokupinga. Kampuni inaweza kabisa kutengeneza toleo la Ulaya lenye betri ya kutoka na kutuletea sisi lililogandishwa kwa gundi, kama hakuna anayeliuliza swali bandarini. Wasiwasi wako wa bidhaa za elfu hamsini ni wa kweli, na sheria ikianza, ianze na vifaa vya bei ya juu ambavyo mtengenezaji wake anajulikana na ana wakala hapa nchini. Sharti la kwanza liwe dogo tu: betri na sponji za akiba ziwepo dukani kwa miaka inayotajwa.

Tabibu wetu wa masikio amenirekebishia mizani. Nilipima kwa pesa, yeye amepima kwa sauti uliyoweka, na kipimo chake kinafaa zaidi kwa mtu anayeamua leo.

Sasa nawahitaji watu wa aina moja. Aliyetoka XM4 kwenda XM6, na ambaye aliweka sponji mpya kwenye XM4 kabla ya kulinganisha, aje atuambie: ukiwa kwenye basi, abiria wawili wanapiga soga kiti cha nyuma, unashusha sauti ya muziki kiasi gani zaidi kwenye zile mpya? Atakayekuja na sifa za jumla, naomba kwanza atuambie sponji zake za zamani zilikuwa na hali gani.