Kutu kwenye sinki jeupe, msaada jamani

Wakuu, chini ya bomba la sinki langu kuna mchirizi wa rangi ya chai unaoshuka hadi kwenye tundu la maji. Nimesugua kwa sabuni ya unga, wapi! Nimwagie klorini?

Jibu: Usithubutu. Klorini haiondoi kutu, huikoleza tu, na ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu. Kutu dawa yake asidi. Loweka tishu kwenye maji ya ndimu, ibandike juu ya mchirizi, nyunyiza chumvi, acha nusu saa, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu. Ikibaki, rudia. Sinki likiwa la marumaru, acha kabisa, ndimu italila.

Jibu: Naunga mkono. Waya wa masufuria weka mbali: hukwaruza, na vipande vyake vikinasa hapo vinashika kutu upya.

Jibu: Mnahangaika na doa tu! Bomba linadondosha?

Muulizaji: Linadondosha, hasa usiku.

Jibu: Basi badilisha kwanza washa (kile kipete cha mpira ndani ya bomba kinachozuia maji), ndimu baadaye.