Chuma chepesi cha kusubu: punje zinatoka kubwa, nibadilishe nini kwenye mchanganyiko?

Mwanafunzi_Metali: Wakuu, habari za kazi. Mradi wangu ni chuma chepesi cha kusubu: manganizi asilimia 30, alumini 9, silikoni 1, kaboni 0.9, kilichobaki ni chuma. Wepesi nimeupata, kama gramu 6.8 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati chuma cha kawaida ni 7.8. Shida ni punje, yaani zile fuwele zinazounda chuma. Nimekata kipande, nikakisugua hadi kikang'aa, nikakipaka asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi. Zinaonekana kwa macho matupu, ndefu, zimetoka ukutani mwa kalibu hadi katikati. Nimeshauriwa nitie titani. Nitie?

Msubu Mkongwe: Usikimbilie titani, mdogo wangu. Jua kwanza kinachotangulia kuganda ni feraiti au austenaiti, ile mipangilio miwili ya atomi ndani ya chuma. Alumini na silikoni huvuta upande wa feraiti. Manganizi na kaboni upande wa austenaiti. Naitraidi ya titani, yaani titani iliyoungana na naitrojeni, ni mbegu nzuri ya kuotesha punje za feraiti, ila austenaiti haioti juu yake kirahisi. Kama wewe unaanza na austenaiti, faida ni ndogo, na titani itakula kaboni yako. Hapo wengi hujaribu seriamu, metali nyingine, badala ya titani.

Mwanafunzi_Metali: Shikamoo mzee. Nitajuaje kilichotangulia?

Msubu Mkongwe: Marahaba. Chovya sampuli majini ikiwa imeganda nusu, kisha itazame kwa hadubini. Utaona fuwele zenye umbo la matawi; kiini cha matawi hayo ndicho kilichotangulia.

Bi Tanuri: Naongezea joto la kumimina, maana watu hulisahau. Wanaosubu chuma cha manganizi cha Hadfield, kile alichokibuni Robert Hadfield mwaka 1882, wanalijua hili: ukimimina cha moto kupita kiasi, punje zinakuwa kubwa. Na austenaiti ukiipasha tena haigeuki kuwa kitu kingine kikakuzalishia punje mpya. Ulizotoa nazo kwenye kalibu ndizo utakazobaki nazo.

Kingine, angalia feromanganizi yako, ile aloi ya chuma na manganizi unayotia kupata manganizi. Ile ya kaboni nyingi huja na fosforasi, nayo hujikusanya mipakani mwa punje. Punje kubwa zina mipaka michache, kwa hiyo kila mpaka unabeba fosforasi nyingi zaidi, na hapo ndipo kinapokatikia.

Mwanafunzi_Metali: Ahsante dada. Kweli kinakatika mipakani, hasa sehemu nene.

Bi Tanuri: Sehemu nene hupoa polepole, kabaidi ya kapa (muungano wa kaboni na chuma, manganizi na alumini) inapata muda wa kujipanga mipakani. Pasha nyuzi 1050, kisha majini mara moja. Hiyo itaondoa kabaidi. Punje zenyewe urudi kwenye mchanganyiko na joto la kumimina.