Tupeane uzoefu: mlimwambia mama kwamba maradhi yake hayaponi, au mlinyamaza?

Binti wa Mtambile
Assalaam alaykum ndugu zangu. Jana nilikuwa bandarini Mkoani, hapa Pemba, kumpokea mdogo wangu. Boti ilipofunga nikaona vijana wanne wanamshusha mama mmoja kwenye godoro, kafunikwa kanga mpaka kidevuni, na binti yake nyuma kashika ule mfuko mkubwa wa picha za eksirei. Magoti yaliniisha nguvu. Mfuko kama ule uko kwetu, juu ya kabati, tumeusukuma nyuma mama asiuone.

Mama yangu hakupanda chombo tangu ile meli ilipozama Nungwi Septemba 2011. Kwa ajili ya mionzi ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kavuka bahari mara nne, macho kafumba, mkono wangu kaubana mpaka tunafika. Wiki tatu nyuma daktari alituita pembeni, mie na kaka. Saratani ya shingo ya kizazi imeshafika kwenye ini, mionzi haitasaidia tena, mrudisheni nyumbani mumtulize maumivu. Kaka kakata shauri mama asiambiwe. Mama anajua kamaliza dozi, anangoja nguvu zirudi. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Mchuma Karafuu
Sie tulinyamaza. Mpaka leo naumia.

Msuka Ukili
Dada, umenigusa pahala. Mama yangu alifariki miaka sita nyuma, kijijini kwetu upande wa Micheweni. Na sisi tulificha, tena tulijisifu kwamba tumeficha vizuri.

Ramadhani ilimkuta kashachoka. Alifunga siku mbili za mwanzo kwa ubishi, ya tatu akaanguka uani. Tukamwambia mgonjwa ana ruhusa, kula, utalipa ukipona. Hayo maneno "utalipa ukipona" niliyasema mimi kwa mdomo wangu. Basi akachukua ukindu mmoja mrefu, katika zile alizokuwa akisukia mikeka, akautundika kwenye msumari wa chandarua. Kila siku anayokula anafunga fundo. Sikukuu ilipofika yalikuwa mafundo 27.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, siku ya kumi hivi, niliamka alfajiri nikamkuta kakaa kitandani anakula daku peke yake, kwenye giza. Kijiko kinamtetemeka, uji umemwagikia kanga. Nikamuuliza, mama unafanya nini? Akanambia, "Nataka nipunguze deni, mwanangu." Alifunga siku ile. Mchana midomo ilimpasuka ikatoka damu, maji hataki. Magharibi ilipoadhiniwa alikunywa, akauvuta ule ukindu, akafungua fundo moja kwa meno, maana vidole havikuwa na nguvu tena.

Sote mle ndani tulijua kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona halipi funga, anatoa fidia, analisha maskini kwa kila siku. Mchele ulikuwemo ndani, gunia zima. Lakini kumwambia atoe fidia ndiyo kumwambia haponi, na hakuna aliyekuwa na kifua cha kulisema hilo. Kafariki mafundo 26 yamebaki. Fidia tuliitoa sisi baada ya maziko. Ukindu ninao, na sijaweza kuufungua.

Mzee wa Wete
Ya Rabbi. Kwa meno.

Mama Wawili, Bububu
Nimesoma niko kazini, imebidi nitoke nje.

Abu wa Mwanakwerekwe
Mie sikubaliani na nyinyi. Daktari si Mungu. Halati yangu alipewa miezi mitatu akaishi miaka sita na akaoza binti wawili. Mgonjwa anashikiliwa na matumaini. Ukimkatia tamaa umeshamzika. Dada, msikilize kaka yako. Somesheni Yasini, mwandikieni kombe, aya kwa zafarani zioshwe kwa maji, mnywesheni.

Msuka Ukili
Kombe tulimnywesha kila Ijumaa, ndugu. Hakuna anayekataa dua. Nnasema haki yake ya kujua deni lake kwa Mola wake.

Mpemba wa Kariakoo
Na muwe na mpaka kwenye kutafuta tiba. Sisi 2011 tulimtoa mama Pemba mpaka Loliondo, kwa yule Babu aliyekuwa akinywesha watu kikombe cha dawa. Kikombe shilingi 500, lakini kukifikia tulilala barabarani siku tatu kwenye foleni ya magari, mama kalazwa kiti cha nyuma. Karudi ameisha. Zile siku angekaa na wajukuu zake.

Abu wa Mwanakwerekwe
Usilinganishe Qur'ani na kikombe cha Loliondo.

Mpemba wa Kariakoo
Sijalinganisha. Nimesema safari ilimmaliza mama yangu.

Kijana wa Jang'ombe
Jengine, kuweni macho na hiyo dawa ya maumivu. Mofini na unga, yale madawa ya kulevya, ni baba mmoja. Mtaani kwetu tumezika vijana kwa unga, leo mama wa watu anywe hiyo hiyo?

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, uchungu wako naufahamu, vijana hao nimewahudumia. Lakini hapa unawatisha watu, na mgonjwa atalia usiku kucha kwa sababu ya maneno haya. Mofini ya maji kwa mgonjwa wa saratani ni dawa. Anapewa kwa kipimo kila saa nne, hata kama maumivu hayajaja. Mkingoja mpaka alie ndipo mumpe, mtayakimbiza maumivu na hamtayapata. Ile ya usiku muulizeni daktari kama inafaa izidishwe ili alale mpaka asubuhi. Inafunga choo, kwa hiyo siku hiyo hiyo muombe na ya kulainisha choo, msisubiri tumbo lijae. Siku za mwanzo atasinzia sana, msianze kulia mkaita jamaa. Huyo mara nyingi analipa usingizi wa miezi.

Na harufu, kwa maradhi haya ya kizazi ipo, mama mwenyewe anaisikia na ndiyo inayomfanya akatae wageni. Udi mwingi unamkaba pumzi tu. Mwambieni daktari, kuna dawa za vidonge, metronidazoli, zinasaidia.

Kijana wa Jang'ombe
Nimefahamu bibi. Nisamehe, nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu.

Muuguzi Mstaafu
Allah amrehemu, mwanangu.

Mjukuu wa Kangani
Sisi mama tulimwambia, nikwambieni yaliyotokea. Alikaa kimya siku nzima. Usiku baada ya isha katuita sote watano, akasema mlango ufungwe. Tukadhani anatoa wasia wa nyumba. Kasema: "Ile mikarafuu saba ya bondeni si yetu. Ni rehani. Marehemu baba yenu alimkopesha jirani, jirani akafa, watoto wadogo wakachukuliwa Tanga na mjomba wao. Deni limeshajilipa zamani. Hakuna aliyekuja kuuliza na mie sikusema." Tumeichuma miaka thelathini. Mimi skuli nimesomeshwa na karafuu zile. Kaka mkubwa kainuka, kafungua mlango, katoka.

Mama Wawili, Bububu
Subhanallah. Ikawaje?

Mchuma Karafuu
Mlirejesha? Usiondoke hapa mpaka utwambie.

Mzee wa Wete
Hiyo ni ya kadhi hiyo. Andikeni na mashahidi.

Abu wa Mwanakwerekwe
Haya ndiyo niliyosema. Mmemwambia mgonjwa, mmevunja nyumba.

Msuka Ukili
Na haki ya yatima ingekwenda naye kaburini? Kaka, fikiri unachokiandika.

Mjukuu wa Kangani
Tulirejesha, lakini ilichukua miaka miwili kumpata mmoja wao, mwanamke, mtu mzima sasa. Kaka hasemi nami mpaka leo. Yule dada alipokuja nilimshusha bondeni. Saba imebaki mitano, miwili ilikufa kwa jua. Hakuuliza pesa. Alishika gome la kila mmoja, kisha akaniuliza mama yangu kazikwa wapi, akenda kumsomea.

Mama Wawili, Bububu
Machozi tena.

Mchuma Karafuu
Dada wa Mtambile, mie ushauri wangu uanze na kaka yako. Msigombane juu ya kichwa cha mgonjwa, anasikia hata akifumba macho.

Mpemba wa Kariakoo
Mwachieni shangazi aseme. Watoto mtalia katikati.

Muuguzi Mstaafu
Au asiambiwe chochote kwanza, aulizwe. "Mama, wewe unayaonaje maradhi yako?" Halafu mnyamaze, mumsikilize. Mwengine atakwambia hataki kujua, na hilo nalo muliheshimu.

Binti wa Mtambile
Nimesoma yote, Mwenyezi Mungu akulipeni. Mofini tunayo, kuanzia leo nampa kwa saa, nilikuwa nangoja alie. Kaka yuko njiani, nimemtumia habari ya ule ukindu, kaisoma na hajajibu.

Leo alikuja mwanamke mmoja wa kijiji cha pili ambaye hajakanyaga kwetu tangu mie mdogo. Kaja kuomba radhi. Mama kampa radhi, kamuagiza mjukuu amtilie chai. Alipotoka kanitazama, akaniuliza, "Mbona wanakuja wote?" Nimemwambia nitamjibu usiku, wageni wakishaondoka. Wa mwisho yuko mlangoni sasa hivi, anavaa viatu.