Bibi yangu amefariki, bosi kanijibu "Noted." Na nukta kaweka!

Mjukuu wa Newala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa Nangurukuru, basi limesimama watu wachimbe dawa, na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Jana usiku bibi mzaa mama amefariki kwetu Newala. Huyu ndiye aliyenilea. Aliuza korosho mimi nikavaa viatu vya shule. Alfajiri kabla sijapanda basi nikamwandikia bosi wetu.

Mnamjua. Simtaji, lakini aliyewahi kupanda lifti ya lile jengo hata mara moja anamjua. Yule anayeongea na simu spika wazi mpaka mlinzi wa getini anajua anadaiwa kiasi gani benki. Kiingereza kilimwingia aliporudi semina Nairobi, na tangu siku hiyo nasikia hata ng'ombe wa kwao wanaswagwa kwa Kiingereza.

Nikaandika kwa adabu zote: "Shikamoo bosi. Kwa masikitiko nakutaarifu kuwa bibi mzaa mama amefariki. Naomba ruhusa nikazike. Kazi zangu nimemkabidhi mwenzangu, na funguo za kabati anazo."

Tiki za bluu zikatokea tukiwa Kibiti. Nikaona "anaandika". Akaacha. Akaandika tena. Nikajua mtu mzima anatafuta maneno ya kunifariji, nikamwambia hata jirani yangu wa siti, bosi wangu ana utu. Tunavuka daraja la Mkapa, simu ikalia.

"Noted."

Ndugu zangu, Noted! Mto Rufiji wote ule chini yangu, na mimi nimeshika Noted!

Pale stendi Mbagala kuna mama muuza chai, hanijui simjui. Aliniona macho mekundu akaniuliza. Nilipomwambia, akaweka birika chini, akajifuta mkono kwenye khanga, akanishika kiganja changu kwa mikono yake miwili: "Pole baba. Mungu akutie nguvu." Chai akakataa hela. Huyo hajawahi kukanyaga semina yoyote.

Na neno lenyewe nalijua kazi yake. Ukimwambia mtu kikao kimesogezwa mpaka saa nane, Noted, sawa. Risiti ziko kwenye faili la bluu, Noted, sawa. Lakini msiba? Aliandika, akaacha, akaandika tena, halafu baada ya kuhangaika kote huko akazaa herufi tano!

Na mpaka sasa sijui kama nimeruhusiwa. Noted ni nenda? Ni usiende? Ni nimekuona, ngoja urudi? Nimempa mambo mawili, bibi amefariki na naomba ruhusa, yote kayapiga neno moja na nukta.

Atakayenijibu kwa neno hilo hapa chini namripoti kwa mods. Sitanii.

Dada Mkubwa

Pole sana mdogo wangu. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Huyo mtu namjua, na mkewe namjua. Kwa mkewe hathubutu kuandika hivyo.

Kipilipili

Pole mkuu. Ila hiyo ya kuandika akaacha akaandika tena, mzee alikuwa anatafuta spelingi.

Mjukuu wa Newala

Kipilipili usinichekeshe, niko msibani. Kama spelingi zimemshinda angeandika "pole". Herufi nne! Ni fupi kuliko hiyo aliyoandika! Mtu kakimbia neno fupi akaenda kwenye refu ili asinipe pole!

Rasilimali Watu

Pole kwa msiba. Nakushauri kama mtu wa utumishi: kuonwa siyo kuruhusiwa. Hilo neno maana yake taarifa imefika, basi. Usilichukue kama kibali, ukirudi utakuta barua ya kujieleza mezani. Mwandikie tena umuulize waziwazi, "Je, nimeruhusiwa?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inakupa angalau siku 4 zenye malipo ukifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu, mjukuu, babu au bibi. Bibi yumo.

Chuma cha Reli

Siku 4 za kwenda Newala na kurudi? Hiyo sheria waliandika wanaozika Kinondoni.

Mwalimu wa Zamu

Poleni wafiwa. Tuelimishane kidogo. Note Waingereza wamelipata kupitia Kifaransa, na asili yake ni Kilatini, nota, yaani alama. Ndiko ilikotoka ile NB mnayoiona kwenye mitihani, nota bene, angalia vizuri. Nota za muziki za wanakwaya ni humohumo, na noti ya elfu kumi mfukoni mwako pia ni humohumo. Tena lina maana nyingine, a noted doctor ni daktari mashuhuri. Kwa hiyo kisarufi halina tusi, tatizo ni mahali lilipowekwa.

Kipilipili

Kumbe bosi kamwambia bibi yake mashuhuri.

Fundi Saa

Kama lina noti ndani yake basi angetuma na noti. Rambirambi iko wapi?

Mjukuu wa Newala

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi Kilatini hakijanikosea. Aliyenikosea ni yule pale. Na Fundi Saa, rambirambi hata mia hakuna. Jirani wa siti kaniuliza "bosi kasemaje?" nikageukia dirishani. Nitamwambia nini? Noted?

Afisa Masjala Mstaafu

Vijana, sisi serikalini tulikuwa na dokezo sabili. Unaandika shida yako, faili linapanda, bosi anaandika kwa mkono wake: "Naafiki. Mpe pole." Unaondoka unajua umeruhusiwa, na pole umepata, vyote kwa Kiswahili. Hizi simu zimewapa wakubwa mahali pa kujificha.

Chuma cha Reli

Mzee wangu, hilo faili lenyewe lilikuwa linapanda mpaka marehemu anafikisha arobaini.

Mama Wawili

Afadhali wewe bosi. Mimi mwenye nyumba! Naye mnamjua, yule wa Tabata mwenye geti la kijani. Nimemwandikia choo kimeziba wiki ya pili, wanangu wanaenda kuomba kwa jirani. Kajibu "Kindly note rent is due." Kindly! Hiyo kindly ndiyo neno baya kuliko yote, hilo la mleta uzi cha mtoto.

Fundi Saa

Mama Wawili umenikumbusha "Dear". Ukiona mtu anayekudai kaanza na Dear, hama mji.

Mhazini wa Kamati

Mnaongea bila kuwajua wachangiaji wa harusi. Nimekuwa mhazini mara nyingi, nimeona mengi. Unaweka ujumbe kwenye grupu: single elfu hamsini, double laki, mwisho wa ahadi Ijumaa. Watu wazima, wenye magari, wanajibu neno hilohilo la mleta uzi. Sasa nikuandike shilingi ngapi? Kwenye daftari langu niandike nini?

Dada Mkubwa

Huyo ndiye wa kwanza kufika ukumbini. Na sahani ina mapaja mawili.

Kipilipili

Mhazini kwani hela za ile kamati ya mwaka jana zilirudi? Keki ilikuja nusu.

Mhazini wa Kamati

Keki nimeshaeleza mara mia! Ilikatika njiani, dereva alipiga breki Ubungo. Na picha niliweka kwenye grupu.

Mama Wawili

Picha ilionyesha boksi tu.

Chuma cha Reli

Mimi nilitoa double nikawekwa meza ya watoto. Mhazini nijibu leo.

Mhazini wa Kamati

Meza walipanga kamati ya ukumbi, mimi nilikuwa fedha. Muulizeni mwenyekiti, mnamjua alipo.