Wakala uliyemwambia mtoto wa Wete "sweta mbili zinatosha", njoo ujibu hapa

Assalaam alaykum wanabarza.

Naandika nikiwa na hasira na sitoificha. Juzi adhuhuri simu imelia, ni mtoto wa dada yangu. Yuko Sapporo, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani, na kwao usiku ulikuwa ushaingia. Sauti inamtetema. "Mjomba, vidole vya mguu vimekuwa vyeupe kama mshumaa, nikivifinya sisikii kitu."

Ana miaka 19. Kazaliwa Wete, Pemba, kakulia Wete. Baridi kali kuliko zote aliyowahi kuijua ni kipupwe cha mwezi wa 7, ile ya kujifunika shuka mbili. Mwezi huu wa Januari katelemshwa kwenye theluji amevaa raba za kitambaa na soksi za pamba.

Sitomtaja wakala aliyempeleka kusoma, wala ofisi yake ilipo hapa mjini. Mwenyewe anajijua. Kachukua shilingi laki 3 za "maandalizi ya safari", juu ya ada ya skuli ya lugha na tiketi. Fedha ya karafuu hiyo, watu wamepanda mikarafuu wakazichuma, wakazianika kwenye majamvi. Na maandalizi yenyewe yalikuwa nusu saa: pasi, picha, saini, kisha "kule kuna baridi kidogo, chukua sweta mbili na jaketi". Dada yangu kavuka na boti, kaja mpaka soko la Darajani hapa Unguja, kachambua mitumba asubuhi nzima. Kanunua sweta mbili na jaketi la jinzi kama alivyoambiwa. Mama wa watu kafanya kila alichoelezwa!

Baridi kidogo? Sapporo ni mji wa watu karibu milioni 2, na kwa msimu mmoja theluji inayoanguka pale inakaribia mita 5. Wao nao wana kaskazi yao: upepo mkavu wa baridi unatoka Siberia, unapita juu ya Bahari ya Japani unazoa mvuke, ukifika kwenye milima ya Hokkaido unaumwaga wote theluji. Haya si mambo ya siri. Nimekaa mji ule misimu mitatu ya baridi, na kila mwenyeji anaijua Januari kama sisi tunavyoijua masika.

Wakala angetumia dakika 10 tu kumwambia mtoto kuwa pamba ni adui. Pamba inakunywa jasho, inaloa, na ikiloa inakunyonya joto mwilini. Ndani unavaa nguo nyembamba ya kubana, ya sufu au ya nailoni, isiyokuacha na baridi ikiloa jasho. Juu yake sweta la sufu. Nje kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Jinzi ikilowa theluji inaganda mwilini ikawa kama bati. Na viatu! Buti zenye soli nene na meno, zizidi mguu kidogo, maana kiatu cha kubana kinazuia damu kufika vidoleni na hapo soksi tatu hazikusaidii kitu. Mtoto huyu alikuwa kavaa soksi tatu ndani ya raba zinazombana. Alidhani anajihami.

Wenziwe chumbani walitaka kumsugua kwa theluji, mmoja akasema miguu iwekwe mbele ya hita. Nimepiga kelele kwenye simu. Nyama ikishaganda ukiisugua unaichana, na mguu usiosikia unaungua mbele ya moto mwenyewe hana habari. Nimewaambia watie maji ya uvuguvugu kwenye beseni, mtu mwingine mwenye mkono mzima ayapime kwa kiwiko kama anavyopima maji ya kumkogesha mtoto mchanga, miguu ikae humo mpaka rangi irudi. Rangi ikirudi, maumivu ndio yanaanza. Nimemsikia akilia. Mtoto wa kiume wa miaka 19 analia, na mimi niko Mwanakwerekwe, siwezi hata kumshika mkono.

Kesho yake kapelekwa kwa daktari. Alhamdulillah vidole vipo. Viwili vimefanya malengelenge.

Sasa niwageukie na nyinyi ndugu zangu mliowahi kuishi kwenye theluji. Tukirudi likizo tunaleta picha, tumesimama kwenye uwanja mweupe tunacheka, na wadogo zetu wanaona ndio habari yote. Nani kati yetu amekaa barazani akaeleza kuwa asubuhi, kabla ya kuwasha gari, unaanza kwa kufukua bomba la moshi nyuma, kwa sababu likizibwa na theluji moshi unarudi ndani na unaua kimya kimya? Au kwamba usipite chini ya ukingo wa paa, theluji inaporomoka mzigo mzima? Mwaka ule kijana mmoja kutoka bara aliniuliza kama anaweza kuwasha jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Aliuliza kwa nia safi, nyumbani kwao wanapika kwa mkaa. Angenyamaza akawasha, moshi ungemuua kimya kimya. Hata hita ya mafuta ya taa inataka dirisha lifunguliwe kila baada ya muda.

Na mambo yetu ya dini, nani anawafundisha? Mwezi wa 12 kule magharibi inaingia kama saa 10 alasiri. Mtoto yuko darasani anashangaa jua limekwenda wapi. Kutia udhu na kuosha miguu mara kadhaa kwa siku kwenye baridi ile ni mtihani, na sheria imeshatufungulia mlango: khuffu, zile soksi za ngozi. Unazivaa ukiwa na udhu, kisha unapaka maji juu yake, mkaazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Tumesoma chuoni sote, tukapita, kwa sababu Unguja na Pemba hatuzihitaji. Mtoto anayekwenda Hokkaido anazihitaji kuliko sweta.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa sasa nyumbani wanasema arudi, theluji ni adhabu. Si kweli, na nitabishana na yeyote. Mimi naipenda theluji ile mpaka leo. Theluji mpya sehemu yake kubwa ni hewa, kwa hiyo inameza sauti, na ukiamka ukasikia mji umenyamaza unajua imeanguka usiku kucha. Unatoka na beleshi, jirani naye katoka na lake, mnafukua njia pamoja, unachota kidogo kidogo, magoti umeyakunja ili mgongo usiumie. Hapo ndipo nilipojifunza majina ya majirani zangu. Njia panda zina masanduku ya mchanga, mpita njia yeyote anachukua mfuko akamwaga penye utelezi ili anayekuja nyuma asianguke. Unatembea hatua fupi fupi kama bata, uzito wote juu ya mguu wa mbele, baada ya wiki mbili umezoea. Mwezi wa 2 bustani ya Odori inajaa masanamu ya theluji, mengine makubwa kama nyumba. Mwaka 1950 wanafunzi wa sekondari ndio waliojenga sita ya mwanzo, na mpaka leo watu wanakwenda kutoka dunia nzima. Mtoto wangu huyu huenda akayakosa, kakaa kitandani na bendeji wakati wenziwe wanateleza vilimani kwa vibao vya plastiki.

Hiyo furaha ndiyo aliyoibiwa. Buti na koti angeweza kuvinunua kule kule, Sapporo kuna maduka ya vitu vilivyotumika, bei si mbaya. Alichokosa ni mtu wa kumwambia anunue siku ya kwanza, kabla hata ya kwenda kuona darasa.

Wakala, nazitaka laki 3 zirudi kwa dada yangu, na namtaka mtu wako apande boti aende Wete akamtazame usoni. Nimepiga simu ofisini mara nne. Mara ya nne nimeambiwa "afya ya mwanafunzi si jukumu letu".

Nimesikia kuna watoto wawili wa Mkoani, Pemba, wanaondoka mwezi ujao kwa mkono wa huyo huyo. Anayezijua familia zao aniandikie leo. Nina buti moja namba 42, koti zito moja na khuffu jozi mbili, naleta mwenyewe mpaka bandarini.