Naomba ushauri: baba yangu kutoka Songea anakuja Berlin, nimpeleke kwenye matembezi ya historia ya ukoloni?

Dada_wa_Lizaboni:
Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Berlin. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 74, anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, katikati ya Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Ina maana tarehe 27 Februari itamkuta huku. Kwa msiotoka Ruvuma: siku hiyo mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60 pale Songea, wakawazika kaburi moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikaletwa Ujerumani. Tangu nipate akili sijaona baba akikosa kumbukumbu hiyo. Huvaa koti lake jeusi, hutoka mapema, na akirudi jioni haongei sana.

Sasa hapa Berlin kuna matembezi ya kuongozwa kuhusu historia ya ukoloni. Mnatembea kwa miguu kama saa mbili, mwongozaji anasimama hapa na pale anaeleza palifanyika nini na mtaa huu uliitwa kwa jina la nani. Nilikwenda mwaka juzi. Tulianzia Wilhelmstraße, kwenye kibao kinachokumbusha nyumba ya Kansela Bismarck, ulipofanyika ule mkutano wa kugawana Afrika, kuanzia Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nchi 14 mezani, Mwafrika hata mmoja hakuna. Kilichonishika ni hiki: kesho yake tu, tarehe 27 Februari 1885, Kaizari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, na ndiyo iliyofungua mlango wa kwetu. Miaka 21 kamili kabla ya vitanzi vya Songea, tarehe ileile. Shuleni sikufundishwa hivyo. Nilisimama pale machozi yakinitoka.

Ila kuna jambo lililoniumiza. Mwongozaji alitoa picha za watu waliofungwa minyororo shingoni, zikapita mkono kwa mkono. Tulikuwa kama kumi na watano, mweusi peke yangu. Kila picha ikipita, macho yananigeukia mimi. Mama mmoja akaniuliza mbele ya wote najisikiaje. Nilikosa la kusema, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto usoni. Sitaki baba yangu afanyiwe hivyo.

Nimpeleke au nimwache? Nimweleze kabla, au tukifika? Kijerumani hajui, Kiingereza anakisikia vizuri. Goti la kushoto linamsumbua. Mdogo wangu aliyeko Dar ananiambia nimwache mzee apumzike. Naombeni mawazo yenu.

Mwananjia:
Karibu, dada. Mimi niko Neukölln, nianze na miguu maana hilo ndilo watu husahau. Maeneo haya hayako pamoja. Wilhelmstraße ni katikati ya mji, ule mtaa wenye barabara za majina ya Afrika uko Wedding kaskazini, na Lucy-Lameck-Straße iko huku kwetu kusini. Usijaribu kuyamaliza siku moja na mzee wa goti, tena Februari, barafu ikiwa njiani.

Ningekuwa wewe ningeanzia Lucy-Lameck-Straße. Mpaka 2021 mtaa huo ulikuwa na jina la Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Leo una jina la mama wa Moshi, nesi, mwanamke wa kwanza Tanzania kuwa naibu waziri. Mzee wa umri wa baba yako atakuwa anamkumbuka Lucy Lameck redioni. Aanze na jina analolijua, tena jina la ushindi.

Hapo Hermannplatz mnapanda treni ya U8 bila kubadili mpaka Rosenthaler Platz. Brunnenstraße 193 ni hatua chache. Chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe chenye bamba la shaba la Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimwandika Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akaingizwa jeshini bado mtoto wakati wa vita ya kwanza, na 1929 akaja Berlin kudai mishahara yake na ya marehemu baba yake. Hawakumlipa. Alibaki, akawa mhudumu wa mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Mwalimu mwenzake kabisa huyo. Siku ya kwanza iishie hapo, mkanywe chai.

Kijana_wa_Matarawe:
Mimi napinga, na nasema kwa heshima. Mzee amefanya kazi maisha yake yote, anakuja kuona mwanawe anavyoishi. Wewe unataka kumtembeza kwenye baridi kumwonyesha walikopanga kumwua babu yake? Hayo anayajua kuliko mwongozaji yeyote. Mpeleke akaone wajukuu, akaone theluji. Baba yangu alikwenda kule makumbusho ya kwetu mara moja tu, hakulala siku mbili.

Dada_wa_Lizaboni:
Kaka, nimekuelewa na sikukasirikii. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini nafikiria pia: akija kujua baadaye kwamba nilikaa naye wiki tatu, umbali wa dakika ishirini kwa treni, nikamficha?

Mkyeku_wa_Old_Moshi:
Binti yangu, naongea kama mtu wa upande wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Yeye alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 na wenzake, na kichwa chake nacho kinasemekana kililetwa huko. Mjukuu wake amekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walieleza kwamba katika mafuvu zaidi ya 1,100 waliyoyachunguza kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na kama 200 ya Tanzania, matatu yamepata ndugu walio hai kwa vipimo vya vinasaba, na mojawapo ni la mtu wa karibu wa Mangi Meli. Mangi mwenyewe bado.

Nayasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, mweleze baba mapema kwamba mafuvu hayo yako ghalani, hayaoneshwi kwa watembeaji. Asije akaingia kila jengo akitazama pembeni na moyo unadunda. Pili, hili si la kwako kuamua. Wewe ni mtoto. Mpigie simu sasa hivi, akiwa bado kwake, kwenye kiti chake, mwambie kuna jambo hili, anasemaje. Mzee akiombwa rai akiwa nyumbani anajibu kwa uhuru. Ukimuuliza akiwa mgeni wako, atasema "sawa mwanangu" ili usijisikie vibaya.

Ngalawa_Malindi:
Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka wa kumi na nne. Kituo kizito kwetu ni Mkunazini, penye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa baada ya mkataba wa Juni 1873 kulifunga. Kuna sanamu za watu watano shimoni, shingo zao kwenye mnyororo. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilikuwa naongea muda wote pale. Siku moja katika kundi alikuwemo bibi mmoja kutoka bara, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nyamaza kidogo." Tangu siku hiyo, wakifika shimoni nasogea pembeni, nanyamaza.

Kwa hiyo, dada, mwandikie mwongozaji kabla. Hilo si kuomba upendeleo, kila mwongozaji makini atashukuru. Mwambie anakuja mzee kutoka Songea, ambaye kwake hii ni habari ya nyumbani. Omba mambo haya: mtembee peke yenu bila kundi la wageni, picha za maiti na minyororo zisitolewe, kila kituo kiwe na mahali pa kukaa au angalau ukuta wa kuegemea, na choo kijulikane kipo wapi. Na mwongozaji aambiwe kwamba mzee atakuwa na la kusema, aachiwe nafasi. Akisema "hapana, haikuwa hivyo", asibishiwe.

Mwananjia:
Naongezea. Wedding mkienda, shukeni U6 Rehberge au Afrikanische Straße. Humo kuna Sansibarstraße na Ugandastraße, na ile barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939 iligawanywa Agosti 2024: sehemu moja ni Anna-Mungunda-Allee, nyingine ni Maji-Maji-Allee. Mtu wa Songea apige picha chini ya kibao hicho, hilo silikubali likosekane.

U6 hiyohiyo inapita makumbusho ya viumbe asilia, alipo yule dinosa wa Tendaguru, Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa hiyo ilibebwa na watu wetu kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji kuwaacha kusini na njaa. Kuna joto ndani, na viti vipo.

Dada_wa_Lizaboni:
Nimerudi, wakuu. Mzee wangu wa Old Moshi, nilifuata neno lako, nilimpigia jana jioni.

Nilimweleza yote, hata ile habari ya picha na yule mama. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, tarehe ya ile hati ya Kaizari. Nikamtajia. Akaniambia nirudie. Akasema, "Basi siku hiyo nitakuwa hapo." Mambo ya Wedding na dinosa anasema tutaona goti litakavyokuwa. Kwa Mahjub anataka kwenda, ameandika jina lake kwenye daftari.

Hataki mwongozaji siku ya 27. Anataka tuwe Wilhelmstraße saa ileile watu wa Songea wanapokusanyika. Huku tuko nyuma kwa saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo kwao saa nne asubuhi kwetu ni saa mbili. Mwongozaji nimemwomba tarehe 24, sisi wawili tu, kwa masharti ya kaka wa Malindi. Amekubali yote.

Koti jeusi analileta. Wasiwasi wangu sasa ni mdogo: pale kwenye kibao sikumbuki kuona pa kukaa, na saa mbili asubuhi Februari baridi inauma.

Mwananjia:
Usijali. Ninacho kiti cha kukunja na chupa kubwa ya chai. Saa mbili kasorobo nitakuwa pale. Mwambie mzee shikamoo yangu.

Kijana_wa_Matarawe:
Dada, nitakuwa makumbusho Songea siku hiyo. Nipigie video mkishafika, niwaonyeshe wenzake waliokaa safu ya mbele.