Mrejesho: simu za ofisi kukatika kwenye faiba, Mafinga
Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini simu zetu za intaneti hapa Mafinga zilikatika kila mchana ilhali tunatumia faiba. Namshukuru sana aliyenisihi nipime mwanga unaobeba data ndani ya waya wa faiba kabla ya kugusa ruta: nilikuta -29 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikishuka zaidi chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), chini ya -27 ambayo vifaa vingi vya GPON (aina ya mtandao wa faiba) huhitaji, na nilipoufuata waya nikaukuta umebanwa nyuma ya kabati la mafaili, umepinda kama kiwiko. Tuliunyoosha, fundi akasafisha konekta, mwanga ukapanda hadi -21. Hata hivyo sauti iliendelea kukwaruza mchana, kwa kuwa nakala za mafaili zilijaza njia ya kupakia, yaani ya kutuma data mtandaoni. Nikaipa sauti kipaumbele kwenye ruta, na tangu Jumatatu hakuna simu iliyokatika.